Kijana wa ukoo wa wiski: tumkumbukeje Marconi shuleni bila kuunguza mtu?

SWALI: «Ninafundisha fizikia katika sekondari moja ya pwani ya Tanzania. Klabu yetu ya sayansi inataka kuadhimisha siku aliyozaliwa Guglielmo Marconi, tarehe 25 Aprili. Hotuba niliyoandaa inasema alikuwa mtoto maskini wa Kiitaliano, hakusoma, na akavumbua redio peke yake akiwa mwanaredio wa ridhaa. Mwanafunzi mmoja amenibishia kwamba mama yake alitoka ukoo wa wiski ya Jameson, na kwamba mahakama ya Marekani iliamua redio ni ya Tesla. Mwalimu mkuu naye hataki pombe itajwe. Juu ya hayo, vijana wamepata koili ya kuwashia pikipiki na wanataka kurusha cheche kwa waya wa mita 10 juu ya paa, kama alivyofanya yeye. Nifanyeje? Na je, tunahitaji leseni?»

JIBU: Mwalimu, pole na kazi, na hongera kwa kuwa na mwanafunzi anayebisha kwa hoja. Una mashaka mawili: hotuba isije ikawa na uongo, na maadhimisho yasije yakamdhuru mtoto au kukuletea barua kutoka kwa mamlaka. Kwa ufupi, mwanafunzi wako amepatia kuhusu Jameson na amekosea kuhusu mahakama. Koili ya pikipiki ibaki chini. Kupokea matangazo hakuhitaji leseni ya redio ya ridhaa (ile ya wanaorusha kwa mapenzi, si kwa biashara), lakini kurusha mawimbi kwa antena kunahitaji. Sasa twende polepole.

Tuanze na wiski, maana hapo ndipo hotuba yako inapopinda. Marconi alizaliwa Bologna mwaka 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba, na jumba lao la Villa Griffone liko Pontecchio, nje kidogo ya Bologna. Mama yake, Annie Jameson, alilelewa Daphne Castle karibu na Enniscorthy, Ireland. Babu yake Annie ni John Jameson, Mskoti aliyekwenda Dublin na kujenga jina la kiwanda cha wiski cha mtaa wa Bow. Mke wa John Jameson, Margaret, alitoka kwa akina Haig, ukoo mwingine wa watengeneza wiski, wa Scotland. Kwa hiyo damu ya wiski ilimjia kijana kwa njia mbili. Annie alikwenda Italia kusomea uimbaji, akakutana na Giuseppe, wakaoana mwaka 1864 huko Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, wazazi wake wakiwa hawaitaki ndoa hiyo.

Umaskini, basi, ufute. Kutosoma nako kuna ukweli nusu. Hakuwa na shahada, lakini alifundishwa na walimu wa nyumbani, na huko Livorno alisomeshwa umeme na Vincenzo Rosa. Profesa Augusto Righi wa Chuo Kikuu cha Bologna, mmoja wa mabingwa wa wakati ule wa mawimbi ya Hertz, yaani mawimbi ya redio, alikuwa jirani, na kijana aliweza kumwendea kwa maswali na vitabu. Kwa maabara, mama yake alimpa chumba cha juu ya nyumba kilichokuwa kikitumika kufugia viwavi wa hariri. Wangapi kati ya vijana wako wana chumba kizima cha kutapanya waya?

Wiski ilifanya kazi yake hasa baada ya majaribio. Februari 1896 Annie alimchukua mwanawe, mwenye miaka 21, akampeleka London. Hakwenda kubahatisha. Alimpeleka kwa jamaa zake. Binamu, Henry Jameson Davis, alikuwa mhandisi wa vinu vya nafaka, akijuana na wanasheria wa hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) na watu wenye mitaji. Ombi la hataza liliwasilishwa tarehe 2 Juni 1896 na kupewa namba 12039. Julai 1897 ikaanzishwa kampuni, Wireless Telegraph and Signal Company, kwa mtaji wa pauni 100,000, na Jameson Davis akawa mkurugenzi mtendaji wake wa kwanza. Miongoni mwa waliotoa fedha za mwanzo walikuwemo wafanyabiashara wa nafaka wa Ireland. Mtu akiuliza nafaka na redio vinahusiana vipi, mwonyeshe mnyororo: wiski hutengenezwa kwa shayiri na nafaka nyingine, kiwanda hununua nafaka, anayejenga vinu anawajua wauzaji wote, na wauzaji hao wana akiba. Marconi mwenyewe alipata pauni 15,000 taslimu na hisa 60,000 kati ya 100,000. Alikuwa na miaka 23.

Hii ndiyo sababu nakushauri usiifiche wiski. Si kionjo cha kuchekesha wasikilizaji. Ndiyo inayoeleza kwa nini kijana asiye na shahada alifika ofisi ya hataza wakati maprofesa waliojua mambo yaleyale hawakufika. Kwa mwalimu mkuu, mweleze kwamba hutaleta chupa wala picha ya nembo, na kwamba unachotaja ni chanzo cha mtaji, kama vile ungetaja mkonge katika historia ya Tanga. Akikataa hata hivyo, sema «ukoo wa wenye viwanda na wafanyabiashara wa nafaka wa Dublin». Maneno hayo ni kweli tupu, na mwanafunzi wako mbishi atayakubali kwa shingo upande.

«Akavumbua peke yake» nayo iondoe. Heinrich Hertz alikwishaonyesha mawimbi yenyewe mwishoni mwa miaka ya 1880. Édouard Branly wa Ufaransa alionyesha mwaka 1890 kwamba unga wa chuma ndani ya mrija huanza kupitisha umeme cheche ikiruka karibu. Oliver Lodge alikitumia kifaa hicho, kiitwacho kohera, katika maonyesho ya 1894. Aleksandr Popov wa Urusi alipokea mishtuko ya radi kwa kohera mwaka 1895. Kilichokuwa cha Marconi ni kuunga upande mmoja wa mtambo kwenye waya uliopandishwa juu na upande wa pili kwenye bamba lililofukiwa ardhini, kwa mrushaji na kwa mpokeaji, kisha kujaribu, kurefusha na kujaribu tena bila kuchoka.

Eleza sababu yake darasani, maana hii ni fizikia safi. Waya wima uliounganishwa na ardhi hupendelea wimbi lenye urefu wa karibu mara nne ya waya. Vifaa vya Hertz na Righi vilitoa mawimbi mafupi, ya sentimita hadi mita chache, ambayo kilima huyazuia. Waya wa mita 10 wenye ardhi hutoa wimbi la karibu mita 40, yaani megahezi 7.5, na wimbi refu hujipinda na kuifuata ardhi. Ndiyo maana mwaka 1895 ishara iliweza kuvuka kilima nyuma ya Villa Griffone, umbali wa kilomita mbili hivi, na kaka yake Alfonso akafyatua bunduki kujulisha kwamba imefika. Baadaye Marconi alikuta kwamba, ndani ya mipaka, ukiongeza urefu wa waya mara mbili, umbali huongezeka mara nne. Hilo halikuwa kwenye kitabu chochote cha profesa.

Kuhusu Nikola Tesla, mvumbuzi mwingine wa enzi hiyo, hukumu anayoisikia mwanafunzi wako ipo kweli: Mahakama Kuu ya Marekani, Juni 1943, katika kesi ya kampuni ya Marconi dhidi ya serikali ya nchi hiyo. Mahakama ilibatilisha madai fulani ya hataza ya baadaye ya Marconi, iliyohusu kuoanisha masafa ya saketi za mrushaji na mpokeaji, kwa kuwa Lodge, Tesla na John Stone Stone walikuwa wametangulia katika hoja hizo. Haikumtangaza mtu yeyote kuwa mvumbuzi wa redio, na haikuigusa hataza ya 1896. Mwambie mwanafunzi aisome hukumu kama wakili anavyosoma, aache kuisoma kama shabiki wa mpira.

Neno «ridhaa» nalo lina mtego. Mwaka 1895 hakukuwa na leseni wala jumuiya ya wanaredio wa ridhaa. Alikuwa mwanaridhaa kwa maana ya kufanya kwa mapenzi, bila mshahara wala cheo. Kuanzia Julai 1897 alikuwa mfanyabiashara, na mkali. Kwa miaka kadhaa waendeshaji wa mitambo yake melini waliamriwa wasizungumze na meli zenye mitambo ya kampuni nyingine, hadi mkutano wa kimataifa wa Berlin mwaka 1906 ulipoweka wajibu wa kuwasiliana. Waliofuata njia ya ridhaa ni wengine. Sheria ya Marekani ya 1912 iliwasukuma wanaridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 na chini, yaliyodhaniwa hayana maana. Novemba 1923 walivuka Atlantiki kwa mazungumzo ya pande mbili kwa kutumia hayohayo yaliyodharauliwa, na miaka hiyohiyo Marconi naye aligeukia mawimbi mafupi.

Rangi za maisha yake zipo tele ukitaka kuwafurahisha vijana. Aliishi baharini kwenye yoti yake Elettra, iliyojaa mitambo, na tarehe 26 Machi 1930 akiwa Genoa alituma ishara iliyowasha taa za ukumbi wa mji wa Sydney. Mwaka 1909 aligawana tuzo ya Nobel na Karl Ferdinand Braun. Alijiunga na chama cha Mafashisti cha Mussolini mwaka 1923. Usiliruke hilo kwa kuwa ni sherehe. Alipofariki Roma tarehe 20 Julai 1937, vituo vya redio vilinyamaza kwa dakika mbili. Ile habari ya herufi S (nukta tatu za Morse) kutoka Poldhu, Uingereza, hadi Newfoundland, Kanada ya leo, tarehe 12 Desemba 1901, iseme kwa tahadhari. Marconi na msaidizi wake Kemp walisema walisikia nukta tatu kwa kipokezi cha sikioni, kwa waya ulioshikiliwa na tiara, umbali wa kilomita 3,500 hivi. Ilikuwa mchana, na leo tunajua kwamba mchana tabaka la chini la ayonosfia, ile sehemu ya juu ya anga yenye chaji za umeme, hufyonza mawimbi ya aina ile, kwa hiyo wataalamu wengi wana shaka. Mwaka uliofuata, akisafiri kwa meli Philadelphia, vipimo vyake mwenyewe vilionyesha ishara zikifika mbali zaidi usiku kuliko mchana. Mada hii ya kubishana ni bora kuliko hotuba nzima.

Sasa koili. Koili ya pikipiki hutoa volti elfu kumi na kitu na zaidi. Yenyewe inaweza kumtupa mtoto kutoka kwenye ngazi hata isipomuua. Ukiiunga kwenye waya wa mita 10 umetengeneza mtambo wa cheche, na cheche haina adabu: hutawanya nguvu kwenye masafa mengi kwa wakati mmoja, ikaingilia redio za watu na mawasiliano ya vyombo vya baharini na vya angani. Ndiyo sababu mitambo ya cheche iliondolewa matumizini kimataifa, na hata mwenye leseni ya ridhaa haruhusiwi kuitumia. Kwa hapa usitafute ujanja.

Badala yake, jengeni upande wa kupokea, yaani kohera, na cheche iwe ile ndogo ya kiwashio cha jiko la gesi cha kubofya, kile kisichobeba gesi bali hutoa cheche tu. Chukua ganda la kalamu ya bolpeni lililo wazi, likate sentimita 5. Tafuta skrubu au vipande viwili vya waya mnene wa shaba vinavyoingia kwa kubana kidogo, ncha zake zisuguliwe kwa msasa zikawa bapa. Unga wa chuma upate kwa kusugua msumari mpya kwa tupa yenye meno makubwa. Upitishe kwenye chujio la chai, kisha upulize vumbi laini liondoke, ubaki na punje. Marconi alitumia nikeli sehemu 96 kwa fedha sehemu 4, akatoa hewa kwenye mrija. Ninyi hamhitaji kufika huko. Na vijana wasisugue sarafu kutafuta nikeli. Jaza nusu ya nafasi, acha milimita 2 hadi 3 kati ya ncha.

Unga kohera kwa mfululizo na betri mbili za volti 1.5, LED (kitaa kidogo) nyekundu na kizuizi cha omu 470. Kwenye kila ncha ya kohera ongeza waya ulionyooka wa sentimita 25, ukielekea nje. Jumla ni nusu mita, nusu ya wimbi la mita moja, karibu megahezi 300. Upande wa kiwashio usiunge waya wowote, maana waya ungekigeuza kuwa mtambo wa cheche wenye antena; mwanya wa cheche uwe milimita 2 hadi 4. Anza na kiwashio kikiwa sentimita 30 kutoka kwenye kohera, bofya. LED itawaka na kubaki imewaka. Gonga mrija taratibu kwa penseli, izimike. Ukifanikiwa, sogea kidogo kidogo uone inafika wapi.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kila punje ina ngozi nyembamba ya kutu isiyopitisha umeme, hivyo ukinzani ni mkubwa mno. Wimbi linaleta volti ya ghafla, ngozi inatoboka, punje zinaungana kwa vidaraja vidogo, na ukinzani unashuka hadi mamia au makumi ya omu. Kugonga kunavunja vidaraja hivyo. Marconi aliweka nyundo ndogo kama ya kengele igonge yenyewe baada ya kila ishara. Kizuizi cha omu 470 hakipo kwa ajili ya LED peke yake. Kinaweka mkondo kwenye miliampea 2 au 3, maana ukizidi sana punje huchomelewa kabisa na kugonga hakusaidii.

LED ikiwaka kabla ya kubofya, punje zimebanwa mno au betri ni nyingi. Ongeza mwanya nusu milimita na usizidishe volti 3. Isipowaka kabisa, mara nyingi unga una mafuta ya mikono au unyevu. Hewa yenu ya pwani ni adui wa kwanza, kwa hiyo anika unga juani kwenye karatasi kwa saa mbili, ujaze mrija hapohapo, ufunge ncha kwa gundi ya moto. Unga wa kutu nyekundu tupa. Ukishindwa kabisa na msumari, viringisha vipira vya karatasi ya alumini vya milimita 4 au 5, ujaze kwenye kikopo cha plastiki chenye misumari miwili; hufanya kazi kwa ukaidi mdogo zaidi. Cheche ya kiwashio huuma lakini haidhuru mtu mzima wa afya. Hata hivyo, mwenye kifaa cha moyo au cha kusaidia masikio asikae karibu na meza.

Mnaweza kuongeza redio isiyo na betri, ingawa huko nina tahadhari: hupokea AM ya mawimbi ya kati tu, na siku hizi matangazo mengi yako FM. Kabla ya kununua chochote, washa redio ya kawaida ya AM mchana. Usiposikia kituo chenye nguvu, achana nayo. Kikiwepo, zungusha mizunguko 55 ya waya wa koili wa milimita 0.5 kwenye mrija wa sentimita 7, uunge na kapasita ya kubadilika ya pikofaradi 365, dayodi ya jermanium aina ya 1N34A na kipokezi cha sikioni cha kristali. Dayodi ya kawaida ya silikoni inahitaji kama volti 0.6 kabla ya kufunguka, na kituo cha mbali hakikupi hizo. Spika za masikioni za simu nazo zina omu 16 hadi 32, zitaimeza ishara yote. Antena ni waya wa mita 15 hadi 20, ardhi ni nondo ya nusu mita iliyopigwa kwenye udongo mbichi.

Tarehe 25 Aprili ni katikati ya masika. Antena ndefu ya nje iteremshwe mara mawingu yanapotanda, na isipite juu wala chini ya nyaya za umeme kwa hali yoyote. Kama lazima mtu apande paa, awe fundi, si mwanafunzi.

Leseni sasa. Wakitaka kurusha na kuzungumza na dunia, hiyo ni redio ya ridhaa, na mlango wake ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa wasomaji wa Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa Uganda ni UCC, tume ya mawasiliano ya huko. Anayepewa leseni hupata alama ya mwito inayoanza na herufi za nchi: 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya, 5X kwa Uganda. Kwa mwaka huu, njia nyepesi ni kumwalika mwenye leseni aje na mtambo wake, aendeshe mwenyewe, vijana wasikilize. Jumamosi iliyo karibu zaidi na 25 Aprili wanaridhaa wa nchi nyingi huwa hewani kwa Siku ya Kimataifa ya Marconi, inayoandaliwa na klabu ya Cornwall, kule kulikokuwa na Poldhu. Nenda ofisi ya kanda ya TCRA ana kwa ana, na barua ya shule, angalau wiki kadhaa kabla. Uulize masharti ya mgeni kuendesha kituo chake shuleni, na uulize pia kama mwenye leseni anaruhusiwa kumkabidhi mwanafunzi kipaza sauti. Majibu yote mawili yaandikwe.

Koili ya pikipiki mrudishie mwenye pikipiki.